Kutoka "Yupo" hadi "Ni Yeye": Kinyesi, Vinasaba na Amana ya Anayejua

Swali la iwapo athari ya kitu inatosha kumjulisha mtu juu ya kitu chenyewe, hata pale ambapo kitu hicho hakionekani wala hakishikiki, ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, na katika mapokeo ya Kiislamu limejibiwa kwa hoja mashuhuri inayonasibishwa na Mbedui wa jangwani: kwamba ikiwa kinyesi kilichoachwa njiani ni dalili ya ngamia aliyepita, na nyayo ni dalili ya msafiri, basi mbingu na ardhi ni dalili iliyo kubwa zaidi ya Muumba wake. Katika hoja hiyo kinyesi kimepewa kazi nzito, kwa kuwa kimewekwa kwenye ngazi ya kwanza ya ushahidi wa kuwapo kwa Mungu, na wanatauhidi walioipokea na kuifundisha hawakuona aibu kukitaja mahali hapo. Hata hivyo hoja ya Mbedui inafika mahali na kusimama. Inathibitisha kwamba ngamia yupo, au alikuwapo, lakini haisemi ni ngamia yupi, ni wa ukoo gani, wala ni ndugu wa nani. Mpaka huo umevukwa na elimu ya vinasaba katika miongo mitatu hivi iliyopita, kwa kuwa leo kinyesi kikavu kilichookotwa jangwani kinaweza kumtambulisha mnyama mmoja miongoni mwa wenzake wote, na hatua hiyo kutoka kwenye "yupo" hadi kwenye "ni yeye" imeleta swali la kimaadili ambalo Mbedui hakulazimika kulijibu: anayejua kwa namna hiyo ana wajibu gani kwa yule anayemjua?

Mahali ambapo swali hili limekuwa zito kuliko kwingi ni Australia, nchi ya marsupiali. Marsupiali ni mamalia ambao mtoto wao huzaliwa akiwa bado mchanga mno baada ya ujauzito mfupi, kisha hutambaa kwa nguvu zake mwenyewe hadi kwenye chuchu ya mama na kumalizia ukuaji wake hapo, mara nyingi ndani ya mfuko wa ngozi. Afrika haina marsupiali wa asili hata mmoja. Walio wengi wanaishi Australia na kisiwa cha New Guinea, na wengine katika mabara ya Amerika. Kangaruu anajulikana na kila msomaji, lakini nyuma yake kuna umma mzima wa viumbe wadogo, waoga, watembeao usiku, ambao mtu anaweza kuishi jirani nao maisha yake yote asiwaone. Mmoja wao ni bilibi, mnyama mwenye masikio marefu na pua iliyochongoka, ambaye huchimba shimo lenye kina kinachoweza kufika mita 2 na kushinda humo mchana kutwa. Zamani alienea katika sehemu kubwa ya bara hilo, na leo amebaki katika majangwa ya magharibi na kaskazini pamoja na eneo dogo la Queensland.

Sababu za kupungua kwake zinajulikana. Walowezi wa Kiingereza waliotua mwaka 1788 walikuja na paka, ambao baadhi yao walitoroka na kuzaliana porini. Mbweha wekundu wakaletwa katika karne ya 19 kwa ajili ya burudani ya uwindaji. Mifugo na sungura wakamaliza majani, na desturi ya wenyeji wa asili ya kuchoma nyika kipande kwa kipande kwa majira yake ikakatizwa pale wenyeji hao walipoondolewa kwenye ardhi yao. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya spishi za mamalia wa nchi kavu ambao hawakupatikana popote ila Australia wametoweka tangu mwaka ule, na hakuna bara jingine lililopoteza mamalia wake kwa kiasi hicho katika muda huo. Ni kutokana na msiba huu kwamba watafiti walianza kuuliza namna ya kuwajua waliobaki bila ya kuwasumbua, na jibu wakalikuta juu ya mchanga.

Kinyesi kinapopita katika utumbo hubeba seli zilizobanduka kutoka kwenye ukuta wake, na seli hizo hubaki katika ute mwembamba unaokauka juu ya kila punje. Ndani ya seli mna DNA, molekuli ndefu inayohifadhi maagizo ya urithi, ambayo vipande vyake vyenye kazi maalumu ndivyo vinavyoitwa vinasaba. Kiasi kinachopatikana ni kidogo mno, tena kimechanganyika na DNA ya bakteria, ya mimea na ya wadudu walioliwa, na kazi yote isingewezekana kama si mbinu iitwayo mmenyuko mnyororo wa polimerasi, iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ambayo hunakili kipande kilichochaguliwa mara nyingi hadi kikatosha kusomwa. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, kwa kinyesi cha dubu wa Ulaya, kwamba njia hii inaweza kutumika kwa mnyama wa porini. Baada ya hapo wataalamu walichagua sehemu za DNA zinazotofautiana sana baina ya mnyama na mnyama, wakazisoma kwa pamoja, na mkusanyiko wa tofauti hizo ukawa utambulisho ambao wanyama wawili hawashirikiani, isipokuwa mapacha wa yai moja.

Kutoka kwenye utambulisho huo hupatikana hesabu. Tuseme kwamba safari ya kwanza ya kuokota kinyesi imetambulisha wanyama 40, na safari ya pili katika eneo lilelile imetambulisha 50, ambao 20 kati yao walikwishatambuliwa mara ya kwanza. Kwa kuwa sehemu mbili kati ya tano za waliopatikana mara ya pili zilikuwa zimekwishajulikana, yaani 20 katika 50, inakadiriwa kwamba wale 40 wa mwanzo nao ni sehemu hiyohiyo ya jamii nzima, na jamii nzima ni wanyama 100. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulitumia mantiki hii kukadiria idadi ya walabi wa miambani wenye mkia wa brashi, jamaa wadogo wa kangaruu wanaoishi katika magenge ya mashariki mwa Australia ambako kuwaona ni kazi na kuwakamata ni kazi zaidi. Kwa njia hiyohiyo hujulikana pia jinsia ya mnyama, kiasi cha undugu kati yake na wenzake, chakula alichokula, na wakati mwingine vimelea anavyobeba. Kwa koala, kwa mfano, kinyesi huweza kuonyesha maambukizi ya klamidia, ugonjwa unaowapofusha na kuwafanya tasa.

Baada ya kueleza jinsi kazi inavyofanyika, linabaki swali la hadhi ya kinyesi chenyewe, na juu ya swali hili Plato ana ukurasa ambao haujazeeka. Katika maandishi yaitwayo Parmenides, Socrates anaonyeshwa akiwa kijana anayetetea nadharia kwamba nyuma ya vitu vinavyoonekana kuna Maumbo ya kudumu ambayo ndiyo yanayojulikana kwa akili, kama vile Umbo la haki, la uzuri na la wema. Mzee Parmenides anamuuliza kama kuna Umbo la nywele, la tope na la uchafu. Kijana anatatizika, anaona ni upuuzi kudhani kwamba vitu kama hivyo vina Umbo, lakini anakiri kwamba wasiwasi juu ya jambo hilo humrudia na kwamba huukimbia akiogopa kupotea. Parmenides anamwambia kwamba anasema hivyo kwa sababu ya ujana, kwa kuwa bado anajali maoni ya watu, na kwamba falsafa itakapomshika sawasawa hatakidharau hata kimoja kati ya hivyo. Karne ishirini na nne baadaye, nywele na uchafu ndivyo vilivyogeuka kuwa njia ya kuwajua viumbe wasiojulikana kwa njia nyingine. Katika Hifadhi ya Taifa ya Epping Forest huko Queensland, wombati wa kaskazini mwenye pua ya manyoya, mnyama mnene mchimbaji ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebakiwa na wenzake 35 hivi tu, amekuwa akihesabiwa kwa utepe wenye gundi unaotandazwa mlangoni mwa mashimo yake ili unase unywele mmoja au mbili anapotoka usiku, na DNA ya unywele huo ndiyo inayosema ni yupi aliyepita. Leo idadi yao imepita 300. Parmenides alikuwa na haki kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukikisia, maana kilichomo katika vitu vile vya kudharauliwa ni mpangilio ulio wa kina kuliko mpangilio wowote ambao macho yangeuona juu ya mwili wenyewe.

Aristotle alilisema jambo la karibu na hilo alipowaonya wanafunzi wake wasichukie uchunguzi wa wanyama duni kama watoto wachukiavyo, na al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9 ambaye pia aliandika risala ya kuwatetea Wazanji, alijaza kitabu chake kikubwa juu ya wanyama kwa hoja kwamba hekima ya Mungu huonekana katika mdudu mnyonge sawasawa na ionekanavyo katika kilicho kikubwa. Inafaa kusisitiza kwamba al-Jahiz hakuwa akitafuta burudani. Kwake mtu anayechagua nini katika uumbaji kinastahili kutazamwa na nini hakistahili amejipa cheo ambacho si chake.

Msomaji aliyelelewa katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, atauliza mara moja juu ya najisi, na swali lake ni la haki. Katika madhehebu hayo kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, awe analiwa au haliwi, ilhali Wamaliki na Wahanbali wanakihesabu kinyesi cha mnyama anayeliwa kuwa tohara. Lakini hukumu ya najisi inahusu swala, vazi, maji na mwili. Inamwambia mwenye kuabudu namna ya kujitayarisha kusimama mbele ya Mola wake, na haikuwekwa ili kupima thamani ya kitu katika mpango wa uumbaji wala kukataza kukichunguza. Kurani yenyewe, katika Sura an-Nahl, inawaelekeza watu kuzingatia maziwa yanayotoka baina ya mabaki ya chakula tumboni na damu, na inayaita mazingatio, yaani inawataka watazame mahali hapohapo ambapo macho yangependa kupita haraka. Mwanaanthropolojia Mary Douglas, ambaye aliwahi kufanya utafiti miongoni mwa Walele wa Kongo, alieleza mwaka 1966 kwamba uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake katika utaratibu uliowekwa na watu. Maelezo yake hayatoshi kwa muumini, ambaye kwake utaratibu wa tohara umewekwa na Mungu, lakini yanasaidia kuonyesha kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa uchafu katika utaratibu mmoja na kuwa uhai katika mwingine.

Koala ni ushahidi wa wazi wa jambo hilo. Majani ya mkaratusi anayokula yamejaa sumu na hayana lishe ya kutosha, na mtoto aliyemo mfukoni anapokaribia kuanza kuyala bado hana tumboni bakteria wa kuyameng'enya. Kwa hiyo mama hutoa kinyesi laini cha namna ya pekee, tofauti na punje zake kavu za kila siku, na mtoto hukila moja kwa moja. Kwa chakula hicho hurithi bakteria ambao bila ya wao angekufa njaa katikati ya majani. Urithi wa damu anaupata tumboni, na urithi wa kuweza kuishi katika msitu wake anaupata kwa njia hii ambayo mwanadamu angeiona ya kuchukiza. Kuna unyenyekevu fulani ambao ukweli huu unaudai kwa kila anayetaka kutamka nini ni cha juu na nini ni cha chini katika uumbaji.

Baada ya hadhi, linafuata suala la mguso. Kwa muda mrefu kumjua mnyama wa porini kulimaanisha kumkamata, kumlaza kwa dawa ya usingizi, kumtoboa sikio, kumchukua damu na kumvisha kola. Kwa jamaa za kangaruu hatari yake imeandikwa katika vitabu vya udaktari wa wanyama: hofu na purukushani za kukamatwa huweza kuharibu misuli hadi mnyama akafa siku kadhaa baada ya kuachiliwa, na jike mwenye mtoto mfukoni huweza kumwangusha anapotishika. Mapokeo ya Mtume Muhammad yana kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake na maswahaba, akawa anapapatika juu yao, na Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake na kuamuru warudishwe. Wanazuoni wamekichukua kisa hicho kuwa msingi wa kuharamisha mateso yasiyo na haja, na haja ndiyo neno lenye uzito hapa, kwa sababu maadamu hapakuwa na njia nyingine ya kuwajua wanyama hawa, kukamata kuliweza kutetewa kuwa ni dharura. Baada ya kinyesi kuanza kusomeka, utetezi huo umepungua nguvu. Njia mpya inapochukua nafasi ya ya zamani, lililokuwa dharura jana huweza kuwa udhalimu leo, hata kama mkono unaolifanya ni uleule na nia ni ileile.

Hata hivyo si sahihi kusema kwamba njia ya kinyesi haina deni lolote. Marsupiali wengi huzungumza kwa kinyesi: kwoli mwenye mkia wa madoa, mlanyama wa misitu ya mashariki, hurudi mahali palepale pa kujisaidia panapotumiwa na wenzake, na kila mmoja husoma hapo habari za mwingine, kama yuko, kama ni dume, kama yuko tayari kujamiiana. Mtafiti anayezoa kila kitu amefuta barua ambazo hazikuandikiwa yeye, na ndiyo sababu uangalifu unadai kuchukua sehemu na kuacha nyingine. Zaidi ya hayo, kutomgusa mnyama hakumaanishi kumjua kidogo. Aliyemkamata bilibi kwa mikono miwili alijua uzito wake na urefu wa masikio yake. Anayesoma kinyesi chake anajua wazazi wake, maradhi yake na mlo wake wa juzi. Umbali wa mwili umeongezeka huku ukaribu wa maarifa ukizidi, na maadili ya jambo hili yamo katika hali hiyo ya ajabu.

Hapa ndipo mvutano wa zamani katika falsafa ya mazingira unapopata sura mpya. Mmarekani Aldo Leopold, katika kitabu kilichotoka mwaka 1949 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba jambo ni jema likihifadhi ukamilifu wa jamii nzima ya viumbe na ardhi yao. Tom Regan alimpinga mwaka 1983 akisema kwamba kila mnyama anayeishi maisha ambayo kwake yana maana ana haki zake binafsi, na kumtoa mhanga kwa ajili ya jamii ni dhuluma iliyovishwa vazi la uhifadhi. Wahifadhi kwa sehemu kubwa wamemfuata Leopold, na lugha yao ni lugha ya idadi. Kinyesi kimewaletea jambo ambalo hawakuliomba, kwa maana hesabu yao haiwezi tena kufanywa bila ya kumtambua mmoja mmoja. Namba 100 inayoandikwa mwishoni mwa ripoti imepatikana kwa kuthibitisha kwamba huyu si yule, na kwamba huyu wa leo ni yuleyule wa mwezi uliopita. Kila mmoja katika hesabu alikuwa "yeye" kabla ya kuwa tarakimu. Kumtambua mtu ni mwanzo wa kuwajibika kwake, kama mapokeo yote makubwa ya maadili yanavyokubali, na hakuna hoja ya kutosha ya kusema kwamba kanuni hiyo inakoma ghafla mnyama anapokuwa na manyoya na mkia.

Uzito wa jambo hili unaonekana hasa pale maabara inapokosea. DNA ya kinyesi huharibiwa na jua, joto na mvua, na inapokuwa imechakaa, kipimo huweza kusoma nakala moja ya urithi na kuikosa nyingine, hivyo mnyama mmoja akaonekana kuwa wawili. Makosa kama hayo yakilimbikizana huzaliwa katika ripoti wanyama hewa, kama walivyo wafanyakazi hewa katika orodha ya mishahara: wana namba, wana mahali, lakini hakuna mwili unaopumua nyuma yao. Ndiyo sababu maabara makini hurudia kila kipimo mara kadhaa na kutupa sampuli zisizoaminika hata kama zimegharimu safari ndefu. Uaminifu huu wa kiufundi ni suala la maadili kabisa, kwa kuwa mnyama hewa humdhulumu mnyama wa kweli: jamii iliyoongezewa wasiokuwapo huonekana imepona, na ulinzi uliokuwa haki yake hupelekwa kwingine.

Katika majangwa ya Australia Magharibi kuna watu ambao hawakuhitaji maabara ili kujua kwamba alama juu ya mchanga ni ya fulani. Wamartu na watu wa Kiwirrkurra wamesoma nyayo, michimbo na kinyesi cha bilibi kwa vizazi visivyohesabika, na mnyama huyo ana nafasi yake katika simulizi takatifu za ardhi zao. Jenomu ya bilibi, yaani ramani nzima ya DNA yake, ilipochapishwa mwaka 2024, kazi hiyo iliunganisha maabara na maarifa ya wenyeji, na kipimo cha kutambua bilibi kwa kinyesi kimewekwa mikononi mwa walinzi wa ardhi wa jamii hizo, ambao ndio wanaojua pa kutafuta. Mwanafalsafa atagundua hapa namna mbili za kujua. Msomaji wa alama wa Kiwirrkurra anamjua bilibi ndani ya uhusiano ambao tayari una wajibu: kuchoma nyika kwa wakati wake, kuwinda paka, kutunza mahali. Maabara inamjua kwa usahihi ambao jicho haliufikii, lakini usahihi huo hauji na wajibu wowote ndani yake. Wajibu lazima uongezwe na watu. Pale namna hizi mbili zinapokutana, maabara ndiyo inayofaidika zaidi, na ni vyema ilipe deni hilo kwa kuwaachia wenyeji mamlaka juu ya taarifa za ardhi yao.

Mtihani mgumu kuliko yote ni wa paka. Kujua kwamba bilibi waliobaki mahali fulani ni wachache kunaleta shinikizo la kuwaua wanaowaua, na mwaka 2015 serikali ya Australia ilitangaza lengo la kuua paka shume milioni 2 kufikia mwaka 2020. Mwislamu anayekumbuka simulizi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa hawezi kuisoma namba hiyo bila ya kusita, na kusita huko ni afya ya roho. Paka hakujileta mwenyewe. Alisafirishwa na watu, na anaua kwa sababu ni paka. Hukumu inayoelekea kuwa ya haki ni kwamba aliyeleta madhara ndiye anayebeba jukumu la kuyaondoa, hata kama kuyaondoa kutamtia simanzi, na kwamba kuua huko kunaweza kuhalalika pale tu ambapo uzio, visiwa na njia nyingine zimeshindwa, kwa namna yenye maumivu machache kadiri iwezekanavyo, na bila ya chuki kwa mnyama anayeuawa. Wanaofurahia uwindaji huo wamekosea hata pale matokeo yake yanapokuwa mema.

Waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unasikitika kwamba spishi zinazotoweka kwa sababu ya binadamu hazitamtukuza tena Mungu kwa kuwapo kwao. Bilibi mdogo, ndugu wa bilibi aliyebaki, ametoweka katikati ya karne ya 20; jenomu yake imesomwa kutoka kwenye kielelezo cha makumbusho, na kwa hiyo leo anajulikana kwa undani kuliko alivyojulikana na mtaalamu yeyote wakati akiwa hai. Ukweli huo unapaswa kuwatia hofu wale wanaodhani kwamba maarifa peke yake ni ulinzi.

Haya hayako mbali na Afrika Mashariki. Kinyesi cha sokwe wa Gombe kimetumika kutambua baba wa watoto wao na kuchunguza virusi wanavyobeba, na ramani ya vinasaba iliyojengwa kwa sehemu kubwa kutokana na kinyesi cha tembo ndiyo iliyowezesha utafiti wa mwaka 2015 kuonyesha kwamba pembe nyingi za tembo wa savana zilizokamatwa katika shehena kubwa zilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kwa hiyo wanazuoni wa fiqhi, wa theolojia na wa falsafa wanaofundisha na kuandika kwa Kiswahili wanaombwa walichukue suala la amana ya anayejua, yaani wajibu wake kwa yule anayemjua, kuwa lao, walijadili katika madarasa, mimbari na vitabu vyao, na wawaambie waziwazi wanaotoa vibali na fedha za utafiti kwamba fungu la kuwahesabu wanyama lisipitishwe popote bila ya fungu la kuwalinda wale watakaotambuliwa.